Njia ya hewa ichorwe kabla ya makabati

Anayekarabati jiko la nyumba yake huanza na vinavyoonekana. Rangi ya makabati hujadiliwa wiki nzima, graniti hupapaswa dukani kipande kwa kipande, marumaru hulinganishwa juani na kivulini. Mashine ya kukaushia nguo huingia kwenye mazungumzo mwishoni, pesa zikiwa zimekaribia kwisha, na swali linaloulizwa huwa moja tu: itaenea wapi? Basi huchomekwa palipobaki nafasi, chini ya kaunta au ndani ya stoo ya chakula iliyogeuzwa chumba cha kufulia, na bomba lake la kutolea hewa likatafutiwa pa kupita katikati ya droo, mabomba ya maji na waya ambavyo vimekwisha kufungwa. Nasema mpangilio huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Kwa mashine inayotoa hewa ya moto iliyojaa mvuke, njia ya hewa ndiyo inayopaswa kuamua mashine ikae wapi, na mahali pa mashine ndipo paamue makabati yakatwe vipi. Anayeanza na makabati anaweza kupata jiko linalopendeza machoni, lakini atakuwa ameficha nyuma ya mbao kitu kinachoweza kumuunguzia nyumba, kumwozeshea kuta, au kumjazia chumba gesi ya sumu.

Tuanze na kazi yenyewe ya mashine. Nguo za pamba za kilo 7 zikitoka kwenye mashine ya kufulia, hata baada ya kukamuliwa kwa mzunguko mkali, hubaki na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Hayo ni lita 3 na zaidi, na hayana budi kwenda mahali. Mashine ya kukaushia ya aina ya kutoa hewa nje huvuta hewa ya chumbani, huipasha moto, huipitisha kwenye pipa linalozunguka na nguo, kisha huitupa ikiwa imebeba maji hayo kwa sura ya mvuke. Mashine kubwa za Kimarekani husukuma takriban mita za ujazo 4 hadi 6 za hewa kwa dakika. Jiko la mita 3 kwa 4 lenye dari ya mita 2.5 lina mita za ujazo 30 za hewa; maana yake, katika dakika zisizozidi 8 mashine imekwisha kutupa hewa ya kulijaza jiko zima, na bado ina zaidi ya nusu saa ya kuendelea. Pamoja na mvuke husafiri nyuzi. Kila nguo inayobingirishwa humeguka kidogo kidogo, na chujio lililo mlangoni hukamata nyuzi nyingi lakini halizikamati zote. Zinazopenya ni laini, nyepesi, zimekaushwa kabisa, na hushika moto kwa urahisi mkubwa. Kwa hiyo bomba lile lina kazi tatu kwa wakati mmoja, kutoa maji, kutoa joto na kutoa nyuzi, na likishindwa moja, mbili zilizobaki nazo huanza kuharibika.

Kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi ambazo majimbo mengi ya Marekani huzifuata zimelichambua jambo hili kwa undani unaoweza kumshangaza anayedhani bomba ni bomba tu. Zinataka bomba la bati lenye kipenyo cha inchi 4 na ukuta wa ndani ulio laini, kwa sababu kila mkunjo ni kituo cha nyuzi kujikusanyia. Zinataka vipande viunganishwe kwa kuelekea hewa inakokwenda, yaani ncha ya kipande cha nyuma iingie ndani ya kipande cha mbele, ili pasiwe na ukingo unaoipinga hewa. Skrubu zinazofunga maungio haziruhusiwi kuchomoza ndani kwa zaidi ya milimita 3, maana ncha ya skrubu hushika uzi mmoja, uzi huo ukashika wa pili, na baada ya miezi pakawa na tonge la nyuzi. Urefu wote usizidi futi 35, karibu mita 10.7, na kila kona ya nyuzi 90 hupunguza futi 5, sawa na mita 1.5, kutoka kwenye kipimo hicho. Bomba liishie nje ya jengo, umbali usiopungua futi 3 kutoka dirisha au mlango, liwe na kifuniko kinachofunguka kwa msukumo wa hewa na kujifunga mashine ikizimwa, na lisiwekewe wavu. Katazo la wavu huwashangaza wengi, kwa kuwa mafundi huuweka kwa nia njema ya kuzuia panya na wadudu. Lakini wavu ule hugeuka chujio la pili ambalo hakuna anayekumbuka kulisafisha.

Masharti hayo yana sababu zake. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 mashine za kukaushia nguo zilianzisha moto majumbani mara 2,900 kwa mwaka, zikaua watu 5 na kujeruhi 100 kila mwaka, na kuteketeza mali ya dola milioni 35. Chanzo kilichoongoza, kwa asilimia 34, kilikuwa kutosafishwa. Mwezi ulioongoza ulikuwa Januari, wakati baridi imekaza na hakuna nguo inayokauka nje. Hapo ndipo husikika kwamba basi lawama ni ya mtumiaji, kwamba mwenye nyumba angesafisha pasingeungua. Siwezi kukubaliana na hoja hiyo. Chujio la mlangoni liko mbele ya macho na kulisafisha ni kazi ya nusu dakika. Anayeliacha hana wa kumlaumu. Bomba lililozikwa nyuma ya safu ya makabati yaliyogundishwa ukutani, lenye kona ambazo mkono haufiki, na mashine iliyobanwa hata haivutiki bila kung'oa ubao wa chini, hilo limejengwa lisisafishike. Usafi wa bomba huamuliwa siku ya kuchora jiko. Mchoraji aliyeacha nafasi ya kuivuta mashine mbele na kipande cha ukuta kinachofunguka amemsaidia mwenye nyumba kwa miaka 15 ijayo. Asiyeacha amemfungia nje ya nyumba yake mwenyewe.

Nguvu ya nyuzi hizo kama kuni ilidhihirika London. Tarehe 19 Agosti 2016 moto ulizuka kwenye jengo refu la Shepherd's Court, magharibi mwa jiji, ukianzia kwenye mashine ya kukaushia nguo ya Indesit katika nyumba ya ghorofa ya saba, ukapanda kwa nje na kuwakimbiza wakazi wa nyumba nyingi. Miezi kadhaa kabla, kampuni ya Whirlpool iliyomiliki chapa hiyo ilikuwa imetangaza kwamba katika baadhi ya mashine zake nyuzi za ziada zingeweza kugusa koili ya kupashia joto, na mwaka 2019 serikali ya Uingereza ikalazimisha mashine hizo zirudishwe. Hitilafu pale ilikuwa ndani ya mashine, na singependa kuichanganya na bomba bovu. Ninachokichukua ni kwamba mashine ya kiwandani, iliyopimwa na kupewa nembo, ilihitaji nyuzi kidogo mahali pasipofaa ili iwashe jengo. Bomba refu lililoziba hurudisha nyuzi na joto nyuma kuelekea kwenye koili hiyohiyo, na hilo laweza kutokea kwa mashine ya chapa yoyote, hata isiyo na ila.

Hebu tuone ukarabati unavyolizalisha tatizo hata kwa mtu mwangalifu. Katika jiko la zamani mashine ilikaa kwenye ukuta wa nje, na bomba lake lilikuwa nusu mita, limenyooka, limetoboa tofali na kutoka. Mwenye nyumba sasa anataka sinki liwe chini ya dirisha kwenye ukuta huohuo, kwa hiyo mashine inahamishiwa stoo ya ndani. Kutoka huko bomba linapanda mita 2 hadi darini, linakunja, linasafiri mita 5 kati ya mihimili, linakunja kukwepa boriti, linakunja tena kutokea nje. Mita 7 za bomba hazitishi mtu. Lakini kona tatu zinahesabiwa kama mita 4.5 za ziada, na jumla inakuwa mita 11.5, imepita kikomo cha 10.7. Hakuna jicho litakaloona kosa hilo jiko likikamilika. Litajitokeza taratibu: nguo zilizokuwa zikikauka kwa dakika 45 zitachukua saa na robo, juu ya mashine patakuwa pa moto kupita kawaida, bili ya umeme itapanda, na mwenye nyumba ataanza kuilaumu mashine na kufikiria kununua nyingine. Lakini wakati wa kuchora, dawa yake ilikuwa rahisi mno. Kusogeza kabati moja la sahani ili bomba liepuke boriti huondoa kona moja, na jumla inashuka hadi mita 10. Hesabu hiyo hufanywa kwa penseli katika muda wa kunywa kikombe cha chai, ila sharti ifanywe kabla seremala hajapewa vipimo.

Baada ya makabati kufungwa, fundi hana penseli tena, ana msumeno na haraka. Hapo huanza njia za mkato. Ya kwanza ni bomba la kukunjika kama kinanda cha akodioni, la foili au la plastiki, ambalo hunyumbulika kupita popote. Kanuni za Marekani huruhusu kipande kimoja tu cha kuunganishia mashine na ukuta, kilichothibitishwa kwa kazi hiyo, kisichozidi futi 8 na kisichofichwa ndani ya ukuta au dari. La plastiki nyembamba halifai kabisa, kwa sababu huyeyuka na kuungua. Hata lile la foili, mashine ikisukumwa nyuma ili mlango wake uwe sambamba na makabati, hubanwa likawa bapa, na inchi 4 zikawa inchi 1. Ya pili, na kwangu hii ni mbaya kuliko zote, ni kuliachia bomba ndani ya dari. Fundi hulipandisha juu ya silingi, akaliacha hapo, akafunga ubao na kupaka rangi. Mwenye nyumba husikia hewa ikienda na kuridhika. Kumbe kila mzigo wa nguo unamwaga lita 3 za maji, kwa sura ya mvuke, juu ya mbao za paa, pamoja na nyuzi kavu zinazotanda juu ya waya za umeme. Anayefanya hivyo akijua, nampa neno lake: anahatarisha maisha ya watu aliowajengea.

Mvuke una madhara yake hata pasipo moto, na hapa Uingereza ina la kutufundisha, kwa kuwa huko mashine za nguo kwa desturi hukaa jikoni. Nyumba ni ndogo, baridi ni ndefu, madirisha hufungwa miezi mingi. Kanuni za huko zinataka jiko liwe na feni inayotoa lita 30 za hewa kwa sekunde ikiwa iko juu ya sehemu ya kupikia, au lita 60 ikiwa iko pengine. Feni hiyo ilikadiriwa kwa mvuke wa sufuria. Ukiiongezea lita 3 za maji ya nguo kila jioni, bila bomba la kuyatoa, yatatafuta sehemu yenye ubaridi, nyuma ya kabati la kona au kwenye ukuta wa chumba cha mtoto, yageuke matone, na ukungu mweusi uote. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki huko Rochdale, kaskazini mwa England, na Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba aliuawa na maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuishi muda mrefu katika ukungu, ndani ya nyumba isiyokuwa na njia ya kutosha ya kupitisha hewa. Mashine ya kukaushia haikuwa chanzo cha kisa hicho. Lakini wazazi wake, wahamiaji kutoka Sudan, walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu, na mwenye nyumba aliuhusisha ukungu ule na namna familia ilivyoishi badala ya namna nyumba ilivyojengwa. Sheria inayobeba jina la mtoto huyo ilianza kutumika Oktoba 2025, nayo inawabana wenye nyumba za jamii huko England kushughulikia unyevu na ukungu kwa muda uliowekwa. Wahamiaji wa kwetu, walio wengi katika nyumba za namna hiyo, wanapaswa kuijua, na kuitumia.

Kuna hatari nyingine ambayo ukarabati wa jiko huileta mtu asijue, na ningependa nikae nayo kidogo. Hewa inayotolewa nje lazima ifidiwe na hewa inayoingia kwa mlango mwingine. Jiko jipya mara nyingi hupata feni kubwa ya kunyonya moshi juu ya sehemu ya kupikia, madirisha mapya yasiyopitisha upepo, na mlango unaobana. Sasa feni ile na mashine ya kukaushia zikifanya kazi pamoja, nyumba inanyonywa kutoka pande mbili huku haina pa kupumulia. Ikiwa kuna hita ya maji ya gesi inayotegemea moshi wake upande wenyewe kwenye dohani, hewa huanza kuingilia humohumo kwenye dohani, na moshi wa gesi hurudi ndani ya nyumba. Katika moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo ileile inayoua watu kwetu kila msimu wa baridi, wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Marekani mashine nyingi za kukaushia zenyewe hutumia gesi, na hizo bomba lao likiziba au likichomoka, gesi hiyo hutoka moja kwa moja nyuma ya kabati. Ndiyo maana kanuni zinadai njia ya kuingiza hewa mbadala pale mashine ya kukaushia inapotoa zaidi ya futi za ujazo 200 kwa dakika, na zikatilia feni za jikoni zinazotoa zaidi ya 400 mkazo kama huo. Fundi wa makabati hatalijua hilo, wala si haki kumtarajia alijue. Anayepaswa kulijua ni yule anayeuangalia mchoro wote kwa pamoja.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni hili: teknolojia imekwisha kulimaliza suala. Zipo mashine za kondensa, ambazo huupoza mvuke na kuukusanya kama maji katika kichombo, na zipo za pampu ya joto, ambazo huizungusha hewa ileile ndani na kutumia nusu ya umeme wa mashine ya kutoa hewa nje, au pungufu ya hapo. Umoja wa Ulaya umeweka viwango ambavyo tangu tarehe 1 Julai 2025 mashine mpya zinazoingizwa sokoni humo ni za pampu ya joto pekee zinazoweza kuvifikia. Kwa nini basi kutoboa ukuta? Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Kwa anayeishi ghorofani, katikati ya jengo, bila ukuta wa nje ulio karibu, mashine ya pampu ya joto ndiyo chaguo langu, na sioni haja ya kumpitishia bomba mita 12 kwa ukaidi. Lakini hata mashine hiyo ina matakwa ambayo kabati lililokwisha kukatwa huyapuuza. Inahitaji hewa ya kutosha kuizunguka, inahitaji bomba dogo la kupeleka maji kwenye sinki kwa asiyetaka kumwaga kichombo kila mara, na ina kichujio cha ziada sehemu ya chini ambacho lazima kifikike. Ukiifungia ndani ya sanduku la mbao lisilo na matundu, chumba hupata joto, mashine hufanya kazi kwa shida na huchakaa mapema. Bei yake pia ni kubwa zaidi, na hukausha polepole. Kwa familia ya watu 7 mjini Des Moines au Louisville, Marekani, ambako Wakongo wengi wamepata makazi, na ambako duka la vitu vilivyotumika lina mashine za kutoa hewa nje kwa bei ndogo, teknolojia mpya bado ni ahadi. Nyumba zenye bomba zitaendelea kuwapo kwa miongo mingi. Uamuzi wa aina ya mashine, kwa vyovyote vile, utangulie mchoro.

Pingamizi la pili hutoka kwetu. Tuna jua, husemwa, na kamba ya kuanikia haina bili. Ni kweli, na ninayeandika haya naamini kamba uani ni bora kuliko mashine yoyote pale inapowezekana. Tatizo ni kwamba uwezekano huo unapunguzwa na ujenzi wetu wenyewe. Katika maghorofa mapya ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, kibaraza kidogo nyuma ya jiko ndicho kilichoachwa kwa kufulia na kuanika. Ukarabati wa kwanza anaoufanya mwenye nyumba ni kukiziba kwa vioo na alumini ili jiko lipanuke. Nguo zimekosa pa kuanikwa, masika inakuja, na mashine ya kukaushia inanunuliwa, au inateremshwa kutoka kwenye kontena la mzigo wa ndugu aliyeko Uingereza. Inawekwa palepale kwenye kibaraza kilichozibwa, bomba lake likilala sakafuni au likichomolewa dirishani siku ya kufua. Pwani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hewa yenyewe ina unyevu tayari. Mvuke wa ziada hauna pa kukaukia, na chumba chenye kiyoyozi hulipia mara mbili, maana kila mita ya hewa iliyopozwa ambayo mashine inaitupa nje hufidiwa na mita ya hewa ya joto kutoka nje. Wajenzi wa zamani wa pwani walilijua somo hili. Katika nyumba nyingi za mawe za Lamu jiko liliwekwa juu kabisa, karibu na paa, moshi na joto vitoke bila kupita vyumbani. Walipanga njia ya hewa kwanza, chumba kikafuata. Sisi tumechukua mchoro wa jiko la Ulaya na mashine zake, tukaacha mabomba yake.

Linabaki suala la gharama na la nani mwenye mamlaka. Kutoboa ukuta wa tofali au zege kwa tundu la inchi 4, kununua mita chache za bomba la bati, kona moja, kifuniko cha nje na utepe wa alumini wa kuzibia maungio, ni sehemu ndogo sana ya bajeti ya jiko lenye graniti. Kinachoifanya kazi hiyo iwe ghali ni kufanywa kwa kuchelewa, kwani hapo unalipia tundu, unalipia na kuvunja marumaru, kung'oa kabati na kupaka rangi upya. Katika ghorofa si ruhusa kutoboa popote. Nguzo na mihimili haviguswi, na ukuta wa nje ni mali ya wote. Hiyo ni sababu ya kuanza kuuliza mapema, kwa maandishi, kabla ya kulipa malipo ya awali ya makabati. Mpangaji asiye na haki ya kutoboa asikubali kuuziwa kile kindoo cha maji kinachounganishwa na bomba kama mbadala wa kutoa hewa nje: hukamata sehemu tu ya mvuke na nyuzi, kilichobaki hukaa chumbani, na kwa mashine ya gesi ni hatari ya kifo. Bora aombe mwenye nyumba atoboe, au anunue ya pampu ya joto atakayohama nayo.

Halmashauri zetu zinapokagua maombi ya ukarabati huangalia nguzo, maji taka na umeme. Naomba mstari mmoja uongezwe kwenye fomu: hewa ya jiko na ya mashine ya nguo inatokea wapi, kwa bomba la urefu gani na kona ngapi. Vyuo vyetu vya ufundi vinavyofundisha bomba na umeme vilifundishe na hili kama kazi ya mtu fulani, kwa kuwa leo fundi bomba husema ni la fundi umeme, fundi umeme husema ni la seremala, na seremala ana vipimo vyake tu. Na mwenye nyumba, siku ya kukabidhiwa jiko, kabla hajamaliza kulipa, awashe mashine yenye nguo mbichi, atoke nje, atafute kifuniko cha bomba ukutani na aweke kiganja mbele yake. Asipokuta upepo wa moto unaotoka kwa nguvu, basi fundi ana kazi ambayo hajaimaliza.